Mayai ya Kishingo na Mchoro wa Shemeji

Mimi ni mtu wa kuvunja mayai. Nauza chipsi hapa Korogwe, na kazi yangu kutwa ni kugonga yai ukingoni mwa kikaango, kulipasua kwa mkono mmoja na kutupa ganda kwenye ndoo bila kutazama. Sijawahi kulionea yai huruma hata siku moja. Kwa hiyo mama yangu alipoteremka kwenye basi la Handeni akiwa amekumbatia kapu kifuani, akaniambia mayai yaliyomo humo si ya kikaango, nilicheka. Yeye hakucheka.

Mama anaishi Kwaluguru. Kuku wake ni wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, ambao mtu wa mjini akiwaona hudhani wanaumwa. Wa kwanza alipewa na bibi siku alipoolewa, mtetea mmoja tu, akaondoka naye kwapani kwenda kwa mume. Kuku wote tuliowahi kuwaona uwanjani kwetu walitoka kwa yule. Kila mtoto wa mama alipozaliwa, supu ya uzazi ilitoka kwao, na nilipojifungua mimi, mama alikuja mpaka Korogwe na jogoo aliyefungwa miguu, akanisimamia mpaka nikamaliza bakuli.

Ndipo mwaka huu, Ramadhani ikiwa katikati, kicheche akaingia bandani. Mwenye kuku anamjua mnyama huyo. Angekula mmoja akashiba ingekuwa nafuu, lakini yeye huua wote kwanza, kisha ndipo afikirie kula. Mama alikuta manyoya yametapakaa, jogoo naye amelala chali mlangoni. Kilichosalimika ni mayai aliyokuwa ameyahifadhi jikoni, kwenye chungu chenye pumba za mahindi, akingoja mtetea mmoja aanze kuatamia. Hayakufika hata dazeni.

Alinieleza haya kwenye simu kwa sauti kavu kabisa. Alisema hatafuga tena. Kisha akasema alfajiri siku hizi hakuna wa kumwamsha, anaamka mwenyewe na kusikiliza, na uwanja uko kimya. Hapo ndipo nilipochomwa. Mama yangu si mtu wa kulalamika, na akifika kukwambia uwanja uko kimya, ujue ameshalia vya kutosha. Nikamwambia alete hayo mayai, na upesi, kabla hayajazeeka.

Nilikuwa nimekumbuka sanduku la shemeji. Shemeji ni mdogo wa mume wangu, Msambaa wa Dindira, fundi umeme wa majumbani, na makazi yake ni Hale. Mwaka jana alinitengenezea mashine ya kutotolesha vifaranga ili nifuge kuku wangu mwenyewe. Ni sanduku la mbao lenye taa mbili za kutoa joto, zile za zamani zinazounguza vidole, feni ndogo ya kulisambaza joto hilo, na thamostati, kidude kinachozima taa joto likitosha na kuziwasha likipungua. Nililitumia mara moja, nikachoka, likaishia chini ya kitanda na ndoo juu yake. Ndani ya mfuniko alikuwa amebandika karatasi yenye mchoro alioupiga kwa kalamu na rula. Siku ile alinionyesha kwa fahari. Mimi niliona mistari, maduara na viboksi, nikasema ahsante shemeji, nikafunga mfuniko.

Mama alilizunguka sanduku lile kwa dharau isiyofichika.

"Hili ndilo litaatamia?"

"Ndiyo, mama."

"Halina hata kifua."

Hata hivyo aliyapanga mayai yake ndani, moja moja. Kila yai alilitia alama ya mkaa upande mmoja, ili ajue lipi ameligeuza na lipi bado, na kila asubuhi na jioni aliyageuza huku akipiga bismillahi. Hakurudi Kwaluguru. Alisema atasubiri Iddi hapa hapa, na nilijua fika kwamba hakuwa akisubiri Iddi.

Asubuhi ya Iddi nilikuwa naosha mchele wa pilau nikasikia ananiita kwa jina langu lote, kama alivyokuwa akiniita utotoni nilipovunja kitu. Nilikimbia. Sanduku lilikuwa giza. Taa zimezimika, feni kimya, na nyuma yake, pale shemeji alipopitishia waya, panya alikuwa amefanya karamu yake kabla yetu. Waya zilikuwa zimekatwakatwa, ncha zinaning'inia. Nilimtukana panya yule, mama yake na ukoo wake wote, siku ya Iddi, mbele ya mama yangu aliyekuwa ameshatia udhu.

Mama hakunikemea. Alitia mkono sandukuni, akagusa yai moja, kisha jingine. "Bado yana vuguvugu," akasema. Akayakusanya yote ndani ya khanga, akapanda kitandani na gauni lake jipya la sikukuu, akaegemea ukuta, akayaweka tumboni na kujifunika blanketi.

"Leo kuku ni mimi," akasema. "Wewe tengeneza."

"Na swala je?"

"Mungu anaona nilipo."

Nilipiga simu kwa kila fundi ninayemjua Korogwe. Wengine hawakupokea. Mmoja alipokea huku nyuma yake nasikia takbira, akaniambia, "Kesho kutwa dada, leo watu wanakula." Nilikata simu kabla sijamwambia neno la kunifuturisha nikiwa sijafunga. Maduka ya vifaa vya umeme yalikuwa yamefungwa. Mume wangu alikuwa safarini na lori, na simu kubwa alikwenda nayo, mimi nilibaki na kitochi. Akabaki shemeji, naye alikuwa amepanda kwao Dindira kula sikukuu, na kule mtandao haukufuati ndani. Mtu hutoka nyumbani akapanda juu ya mashamba ya chai kuutafuta. Nilipiga mpaka kidole kikaniuma, na hatimaye ikaita.

"Shikamoo shemeji, Iddi Mubaraka!"

"Marahaba, Iddi baadaye. Panya amekata waya za sanduku."

"Zipi?"

"Zote. Nawe umefunga zote nyekundu! Mtu atajuaje ipi ni ipi?"

"Yalikuwa mabaki ya kazini, shemeji. Ndiyo maana nikakuchorea."

"Ule mchoro mimi siuelewi."

"Leo utauelewa. Chomoa plagi kwanza. Umechomoa?"

"Nimechomoa."

"Tazama tena."

Nilitazama tena, nikamwambia plagi ninayo mkononi. Akaniambia nianzie kushoto, nimsimulie ninachokiona, nisiruke kitu. Basi nikaanza kumsomea, mimi ambaye miwani yangu ni ya kusomea ujumbe wa simu tu.

"Kuna viduara viwili vidogo, kimoja juu, kimoja chini, na katikati yake kiwimbi."

"Hapo ndipo plagi. Umeme unaingia juu, unazunguka kufanya kazi, unarudi chini. Endelea na mstari wa juu."

"Kuna kiboksi chembamba, mstari umepita katikati yake."

"Fyuzi."

"Halafu mstari umekatika. Kipande kimeinuka kwa mshazari, kama lango limeachwa wazi."

"Swichi hiyo. Ikiwa hivyo imezimwa. Likifungwa, umeme unapita."

"Shemeji, lango likifungwa kitu hakipiti."

Alicheka sana kule mlimani. "Basi usilione lango. Ona ubao wa kuvukia mfereji. Umeinuliwa, hakuna anayevuka. Ukilala, watu wanapita."

Nikauona! Nikauona ubao ule kabisa, umeinuliwa, na umeme umesimama ng'ambo unangoja. Nikaenda mbio kwenye alama iliyofuata.

"Ubao mwingine, una herufi t pembeni."

"Thamostati. Ni swichi ileile, ila badala ya kidole chako, inaguswa na joto."

"Duara lenye msalaba ndani. Yako mawili."

"Wewe niambie ni nini. Ndani ya sanduku una nini viwili?"

"Taa!" Nilipiga kelele mpaka mama akashtuka. "Shemeji, ni taa! Na hili duara lenye M, ni feni?"

"Mota, ndiyo feni. Na ile mistari mitatu inayopungua kwenda chini ni ardhi, waya wa usalama. Huo panya ameukata?"

"Hajaukata."

"Basi uache ulivyo."

Karatasi ambayo kwa mwaka mzima ilikuwa kama uchafu mfunikoni ilikuwa inazungumza. Nilikuwa nikidhani shemeji alijaribu kuchora sanduku akashindwa, kwa sababu taa zilizo juu kule sandukuni, kwenye karatasi ziko kulia, na feni iliyo pembeni imekaa chini. Kumbe hakuchora sanduku hata kidogo. Alichora njia, nani anapita wapi na anakutana na nani, basi. Nilitaka kumwambia jambo hilo, lakini yeye alikuwa ameshaendelea.

"Sasa shemeji, sikiliza vizuri, hili ndilo la muhimu. Pale mistari inapo..."

Simu ikakatika. Nilipiga tena, ikasema hapatikani. Nikapiga tena na tena. Mama kitandani akauliza fundi amesemaje, nikamwambia amesema niunge.

Na nikaunga. Nilichukua kisu, bisibisi na tepu nyeusi tunayofungia mpini wa jembe, nikakaa sakafuni. Nilifuata mstari kwa kidole cha kushoto na waya kwa mkono wa kulia. Kutoka plagi kwenda fyuzi, kutoka fyuzi kwenda swichi, swichi kwenda thamostati. Kila nilipomaliza kipande nilimtangazia mama, naye alijibu "haya" akiwa amefumba macho, mikono yote miwili juu ya tumbo. Nje watoto walikuwa wanapita na nguo mpya. Mteja mmoja aligonga dirisha akauliza kama leo sikaangi chipsi, nikamwambia leo naatamia. Akageuka, akaondoka.

Halafu nikafika mahali ambapo mistari miwili ilipishana. Ulikuwa mstari wa feni, unashuka kurudi chini kwenye plagi, na njiani unaukata ule mstari unaopeleka umeme kwenye taa. Mimi sikusita hata kidogo. Mimi nimekulia kwenye ukili. Kabla sijajua kuandika nilijua kusuka, miguu nimenyoosha pembeni ya mama, ukindu mdomoni na mwingine mkononi, na jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba ukindu unapopita juu ya mwenzake, pale ndipo panaposhika. Mkeka mzima ni mapishano. Ukikuta mahali pamepishana na hapakushika, umekosea, unafumua. Basi nikachuna ganda la waya zote mbili katikati, nikazisokota pamoja vizuri, nikazungushia tepu kwa unadhifu ambao shemeji mwenyewe hana. Niliitazama kazi yangu nikaona inapendeza.

"Mama, tayari!"

Nikachomeka plagi, nikabonyeza swichi. Paa! Cheche ilitoka nyuma ya sanduku, ukutani swichi kubwa ya nyumba ikaanguka, friji likazima, na chumba kikajaa harufu ya kitu kilichoungua.

"Umenipasulia mayai?" mama akauliza, macho yakiwa bado yamefumbwa.

"Si mayai, mama. Ni fyuzi."

"Inaatamiwa?"

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, na zaidi ya yote nilitaka kumpata panya. Nilichomoa plagi. Fyuzi kweli ilikuwa imeungua, kioo chake kimekuwa cheusi. Lakini pembeni yake, chini ya selotepu, shemeji alikuwa amebandika fyuzi nyingine na kuandika kwa herufi kubwa: AKIBA YA SHEMEJI. Alijua! Alijua tangu siku ile kwamba nitaiunguza! Ilikuwa moja tu, na maduka yamefungwa. Hii ikiungua nayo, mayai yatabaki kwenye tumbo la mama, na mama yangu ni mtu mzima, angekaa vile mpaka lini? Nilimtazama. Blanketi mpaka kifuani, jasho linamtoka usoni, miguu haijasogea tangu asubuhi. Nilimletea uji, akanywa bila kugusa kikombe, mimi ndiye niliyemshikia.

"Miguu imekufa ganzi," akasema. "Lakini haya bado yana joto. Nayasikia."

Nikarudi sakafuni. Hasira zilikuwa zimeniishia, kilichobaki ni ubishi. Nikajiambia, huyu shemeji si mchawi. Alichokiandika hapa kinasomeka. Nikaweka kidole kwenye kile kiduara cha juu na kutembea pamoja na umeme, polepole, nikiuuliza kila hatua unakwenda wapi. Fyuzi, ubao wa kuvukia, ubao wa joto, sasa tunaelekea taani. Tukafika kwenye mapishano. Na pale kidole changu kilisimama chenyewe.

Kama hapa mistari imeshikana, umeme huu unakwenda taani kufanya nini? Umeshapata mlango wa kurudi nyumbani! Unaingia juu, unafika hapa, unashuka na mstari wa feni mpaka chini, haujawasha taa wala kuzungusha chochote. Mvivu gani ataacha njia ya mkato? Mapishano haya hayawezi kuwa yameshika. Lazima waya zinapita tu, kila moja na safari yake.

Lakini kama hapa hazishiki, mbona pengine lazima zishike? Taa mbili zinakula umeme mmoja, kwa hiyo kuna mahali njia inagawanyika. Nikapasogelea pale njia inapogawanyika kwenda kwenye taa. Palikuwa na kinukta cheusi. Nilikuwa nimekiona tangu asubuhi, nikadhani ni kinyesi cha nzi, maana nyumba ya muuza chipsi haikosi nzi. Nikatazama mgawanyiko wa pili, kinukta. Pale mistari ya taa na feni inapoungana kurudi chini, kinukta. Kwenye yale mapishano yangu mazuri niliyoyafunga kwa tepu hapakuwa na kitu.

Nililamba kidole nikafuta kinukta kimoja. Hakikufutika. Nikabandua ukingo wa karatasi, nikaipapasa kwa nyuma, na kila palipokuwa na kinukta kalamu ilikuwa imekandamizwa mpaka karatasi imevimba. Mtu alikuwa amekusudia. Shemeji alikuwa ameshikilia kalamu pale pale, akaikaza, ili mimi nione. Na mimi nilikuwa nimemwita nzi.

"Mama!" Niliruka juu, nikajigonga goti kwenye kona ya kitanda. "Mama, hazishiki! Zinapishana bila kushika! Panaposhika anaweka nukta!"

"Nani?"

"Shemeji! Kwenye umeme, kupishana si kushika!"

Mama alilifikiria jambo hilo kwa uzito wake wote. "Mkeka gani huo," akasema. "Ungefumuka."

"Si mkeka, mama."

"Nimesikia. Panaposhika pana nukta. Haya, kafumue."

Nilifumua. Nilizitenganisha zile waya mbili, kila moja nikaivisha tepu yake peke yake, tena na tena, mpaka zikawa nene kama vidole. Nilikagua vinukta vyote kimoja kimoja, na kwa kila kinukta nilitafuta kiungo chake sandukuni. Kimoja kilikuwa hakijaungwa kabisa, kile cha taa ya pili, nikakiunga. Nikaweka fyuzi ya akiba. Nikapandisha swichi kubwa ya ukutani. Nikiwa nimeishika plagi, nilimwambia mama aombe. Akasema ameomba kutwa, nichomeke tu.

Nikachomeka. Nikabonyeza. Taa mbili zikawaka kwa mpigo, manjano na moto, na feni ikaguna, ikasitasita, ikaanza kuzunguka. Nilipiga vigelegele. Nilipiga vigelegele peke yangu chumbani, siku ya Iddi, na majirani wakadhani kuna mchumba amekuja, kwa sababu baadaye waliniuliza. Niliweka kiganja ndani ya sanduku na joto likanijia mpaka kwenye kiwiko. Baada ya muda taa zikazimika, nikaikimbilia plagi, kisha zikawaka tena. Ilikuwa thamostati inafanya kazi yake. Ule ubao wa joto uliinuka na kulala mbele ya macho yangu, vile vile ulivyochorwa.

Mama aliyarudisha mayai mwenyewe, hakukubali nimsaidie. Alama ya mkaa ya kila yai aliielekeza alikotaka. Kisha nikamsugua miguu mpaka ganzi ikatoka, akiwa anapiga kelele kwamba namuua.

Alasiri ile sikutulia. Niligeuza birika la umeme, nikasoma chini yake. Nikageuza chaja ya simu, nikakuta mraba ndani ya mraba, alama ambayo sikuwa naijua, nikaichora kwenye kiganja ili nimuulize shemeji. Nyumba yangu ilikuwa imejaa maandishi na mimi nimeishi humo bila kujua. Karibu na jioni kitochi kililia. Ujumbe wa shemeji, uliotumwa tangu asubuhi, ulikuwa umeshuka kutoka Dindira: "Shemeji PENYE NUKTA NDIPO PA KUUNGA. Pasipo na nukta zinapitana tu. Usiunguze fyuzi." Nilimsomea mama. Akasema huyo kijana angekuwa kuku angetaga baada ya sikukuu.

Lakini hakucheka alipolisema, na nilijua kwa nini. Taa kuwaka ni jambo moja. Mayai yalikuwa yamekaa kwenye baridi usiku, hatukujua kwa muda gani, kisha kutwa nzima tumboni mwa mtu. Sasa yalikuwa yamefika umri wa kupimwa. Ukililaza yai juu ya tochi gizani, utaona kama ndani kuna mtu au hakuna. Mama alikuwa amelijua hilo tangu asubuhi na hakutaka kulisema. Nilifunga mapazia, nikatundika khanga juu yake mwanga usipenye, nikawasha tochi ya kitochi.

Yai la kwanza lilikuwa jeupe tupu, linang'aa kama kioo cha taa. Halikuwa na kitu tangu mwanzo. Nikaliweka pembeni. La pili lilikuwa na pete ya damu, pete tu, na ndani yake utulivu. Huyo alikuwepo, akaenda. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, hakuinama kutazama. Alitazama mapazia.

Nikalichukua la tatu. Alama ya mkaa ilikuwa imefifia, imefutwa nusu na jasho la mama. Nikaliweka juu ya mwanga.

Kulikuwa na mistari. Mistari myekundu, myembamba, inatawanyika ndani ya yai lote, inapinda, inagawanyika, na yote inarudi mahali pamoja. Na mahali pale palikuwa na nukta nyeusi, ndogo, imekazwa. Nikashusha pumzi, yai lisitikisike mkononi. Nukta ile ikacheza. Ikatulia, kisha ikacheza tena, yenyewe.

"Kuna nini?" mama akauliza, bado anatazama mapazia.

"Kuna mistari, mama."

"Na nukta?"

"Ipo."

"Imeshika?"

"Imeshika, mama. Inacheza! Njoo uone."

Alikuja akainama, uso wake karibu na wangu, mwanga wa yai ukamwangaza mashavu. Alitazama muda mrefu. Kisha alitia mkono wake juu ya wangu na kuifunika tochi.

"Zima hiyo taa," akasema. "Unamwamsha wa nini, na yeye ndiye atakayekuja kuniamsha mimi?"